Hatukula cha Mtu

Mwanangu Rajabu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tutagombana. Siku ile ya harusi nilikuwa nyuma ya pazia napakua pilau, nikakusikia. Akina mjomba walikuwa wanasema Wamarekani weusi wanapenda vya bure, nawe ukadakia: "Sisi tulikuja mikono mitupu, mama akabeba boksi, hatukula cha mtu." Wakakupigia makofi. Mimi nikamwaga mchuzi.

Najua maneno hayo umeyaokota kwangu. Miaka ya mwanzo hapa Columbus, Marekani, niliyasema sana, tena kwa sauti, wakati hata njia ya kwenda dukani siijui. Kwa hiyo sikulaumu wewe peke yako.

Zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee nilifanya na mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Alabama, jimbo la Kusini mwa Marekani. Bibi yake alipikia watu na kulea watoto wa watu maisha yake yote, kazi za ndani kama za shangazi yako Tanga. Mwaka 1935 serikali ilipoanzisha pensheni ya uzeeni, sheria iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani na wa mashambani. Wapo wanaosema sababu ilikuwa ugumu wa kukusanya makato majumbani. Haya. Lakini mtu mweusi wa Kusini wakati ule alikuwa na kazi gani nyingine? Walianza kuingizwa mwaka 1950, bibi wa watu mgongo umeshapinda. Alinieleza hayo tukikunja mashuka, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza sokoni.

Na hili neno welfea, yaani msaada wa serikali kwa wasiojiweza, lina uchawi wake. Chuo Kikuu cha Chicago kina utafiti wa maoni wa miaka mingi. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya watu huulizwa kama fedha za welfea ni kidogo mno. Wengine huulizwa vilevile kuhusu kuwasaidia maskini. Ukiwatajia maskini, kwa kawaida zaidi ya nusu husema ndiyo, ni kidogo mno. Ukitaja welfea, wanashuka hadi karibu robo. Maskini ni walewale, ila sura inayowajia kichwani ni nyingine.

Sura hiyo ilichorwa. Mwaka 1976 Ronald Reagan wa Republican, aliyekuja kuwa rais baadaye, alizunguka kuomba kura akisimulia habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina 80 na dola 150,000 kwa mwaka zisizokatwa kodi. Mwanamke alikuwepo, na alikuwa tapeli kweli, simtetei. Ila kesi iliyomtia hatiani ilihusu dola zisizofika 9,000. Reagan hakutaja rangi. Hakuwa na haja. Baadaye msomi mmoja, Martin Gilens, akahesabu picha za maskini katika magazeti matatu makubwa ya kila wiki, ya mwaka 1988 hadi 1992. Katika kila maskini 100 pichani, 62 walikuwa weusi. Mitaani, katika kila maskini 100, weusi walikuwa 29. Maskini wa kizungu, ambao mimi nimewaogesha wazee wao kwa mikono hii, hawakupendeza kamera.

Usidhani ni chama kimoja. Aliyetia saini sheria ya kubana welfea Agosti 1996 ni Rais Bill Clinton wa Democratic. Msaada wa fedha kwa familia ukawekewa ukomo wa miaka 5, na fungu la serikali kuu likagandishwa kwenye dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Mpaka leo halijapanda. Majimbo yakaachiwa yajipangie. Mississippi mama mwenye watoto wawili alikuwa akipata dola 170 kwa mwezi, hadi mwaka 2021. Hapo hata kodi ya chumba hulipi.

Na ndani ya sheria hiyohiyo tulikuwemo sisi. Watu walimwinulia fimbo yule mwanamke wa pichani, ikamshukia na mshindi wa bahati nasibu ya green card kama mimi. Mwaka 2010 zamu zangu zilipunguzwa, nikaenda kuomba kadi ya chakula ya serikali. Karani akaniambia mtoto anastahili, wewe subiri utimize miaka 5 na green card yako. Hesabu ikapigwa ya mdomo mmoja, wako. Ulikuwa na miaka 6. Maziwa uliyokunywa yalinunuliwa na kadi ile, Rajabu. Hicho ndicho cha bure chenyewe.

Kilichobaki kilitoka kwa yule mama wa zamu. Kila baada ya wiki mbili alishusha mlangoni kwetu boksi la kanisani kwake: maharage, siagi ya karanga, na lile nanasi la kopo ulilokuwa ukilifyonza mpaka maji yake. Wewe ulidhani nimenunua. Nami nikanyamaza, maana niliona haya: wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye kitchen party nikiwasema watu wake.

Sasa amestaafu, magoti yamemgomea. Kila nikimpigia anauliza kijana wa nanasi yuko wapi. Sijamwambia ulichosema harusini. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nampelekea pilau. Basi lako linaingia saa nne asubuhi. Nitakusubiri stendi mpaka saa nne na nusu.

Mama yako