Mbu aliyewaangusha askari wetu hakuwa wa mbao

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo wote sikuwahi kukuandikia, kwa kuwa siku zote niliamini kwamba mwenye jambo zito kuliko langu ndiye anayestahili nafasi katika ukurasa wa barua. Makala ya Jumapili iliyopita, ile ya kurasa mbili kuhusu ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia iitwayo Mosquito, yaani mbu kwa Kiingereza, imenitoa katika ukimya huo. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu ya risasi, nikatafuta mahali ambapo mwandishi wako amemtaja mbu mwenyewe, yaani mdudu, na sikupata hata mstari mmoja, ingawa kichwa cha habari kilitangaza kwa herufi kubwa kwamba mbu ndiye aliyeshinda vita.

Sina ugomvi na aliyoyaeleza kuhusu ndege. Ni kweli kwamba iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, kwamba kampuni ya de Havilland iliiunda kwa mbao zilizounganishwa kwa gundi, kwamba maseremala wa viwanda vya samani waliingizwa katika kazi hiyo, kwamba ilibeba watu wawili tu na injini mbili, na kwamba ziliundwa zaidi ya 7,700. Shambulio la Berlin la tarehe 30 Januari 1943, lililovuruga hotuba ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, redioni, limeelezwa vizuri, na lile la gereza la Amiens, Ufaransa, la Februari 1944 vilevile. Hata hivyo, mwandishi aliyefika Amiens alipaswa kufika na Copenhagen, ambako tarehe 21 Machi 1945 ndege hizohizo zilitumwa kulipua makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, moja ikagonga nguzo ya taa na kuanguka karibu na shule ya Jeanne d'Arc, na baadhi ya zilizofuata zikadhani kwamba moshi ule ndio shabaha. Watoto 86 walikufa. Tena alipaswa kufika India, ambako mwishoni mwa mwaka 1944 baadhi ya ndege hizo zilivunjika mabawa zikiwa angani, nyingine zikazuiwa zisiruke, na mafundi wakaanza kuchunguza gundi na viungo vya mbao ambavyo havikuhimili joto na unyevu. Kama angefika huko angekuwa amekaribia kabisa nchi ambayo mbu wa kweli alikuwa akipigana vita vyake, na huko angewakuta baba zetu.

Baba yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika (King's African Rifles), katika batalioni ya Tanganyika, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo, yenye vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, iliteremka kutoka Tamu kupitia Bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya mvua za masika ya huko, ikipita katika tope lililofika magotini, hadi ikafika Kalewa kwenye Mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Bonde lile lilikuwa limekwisha kupata sifa ya kuua kabla baba hajalikanyaga. Jenerali William Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14, aliandika baada ya vita kwamba katika mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi, na kwamba kiwango cha malaria pekee kwa mwaka kilifikia asilimia 84 ya nguvu yote ya jeshi. Naomba mwandishi wako azisome tarakimu hizo polepole. Jeshi lilikuwa likimalizwa kabla adui hajafyatua risasi, na aliyekuwa akilimaliza ni mbu jike wa jamii ya Anofelesi, mdudu ambaye uzito wake haufiki hata ule wa punje ya mtama.

Kwinini, dawa ya malaria ya wakati ule, haikuwepo ya kutosha, kwa sababu Wajapani walikuwa wameiteka Java mwaka 1942, na Java ndiyo iliyokuwa ikitoa karibu asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Badala yake askari walipewa mepakrini, vidonge vya manjano ambavyo baba alisema vilikuwa vichungu kuliko shubiri na viliigeuza ngozi ya wenzake Wazungu ikawa na rangi ya bizari. Ulienea uvumi kwamba vinaondoa nguvu za kiume, watu wakavitema kichakani. Slim akaamuru ukaguzi wa ghafla wa kupima kama askari wamemeza dawa, na kikosi kilichopatikana chini ya asilimia 95 kilimponza kamanda wake; watatu waliondolewa vyeo vyao vya ukamanda, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Ilikuwepo pia amri ya mikono ya shati: kabla jua halijazama, kila mtu aishushe hadi kwenye kiganja na kufunga kifungo. Baba alifariki mwaka 1991, na hadi juma la mwisho la uhai wake, jua lilipokuwa likikaribia migomba, aliishusha mikono ya shati na kufunga vifungo bila kuambiwa na mtu yeyote, hata katika joto la Februari, hata alipokuwa hamtambui tena mjukuu aliyekuwa amekaa mbele yake.

Sasa nieleze jambo ambalo makala yako imelifufua. Mwaka 1978, nikiwa mtaalamu wa maabara mwenye umri wa miaka 29, nilimsindikiza baba katika ofisi moja ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikipokea madai ya askari wa zamani. Tulifika saa moja asubuhi, tukaitwa saa nane. Baba alikuwa na cheti chake cha kuondoka jeshini kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, na nishani yake ameibandika kwenye koti. Kijana aliyetupokea alikipitia cheti, akauliza, “Mzee, ulijeruhiwa wapi?” Baba akajibu kwamba hakupigwa risasi, alilazwa mara tatu kwa malaria, mara moja akiwa hajitambui kwa siku nne, na tangu aliporudi mwaka 1946 homa ile haikumwacha, bandama yake imevimba, na kulima hawezi kama wenzake. Kijana akasema fomu inataka kovu. Alirudia mara mbili: “Shikamoo mzee, naelewa, lakini fomu inataka kovu.” Baba akafungua vifungo vya shati, akaweka kiganja chini ya mbavu za kushoto, akamwambia, “Mwanangu, kovu langu liko huku ndani, njoo uliguse.” Kijana hakunyanyuka. Faili lilifungwa kwa maneno mawili, “Hakujeruhiwa vitani”, na mimi niliyekuwa nikitazama vimelea vya malaria kwenye darubini kila siku ya kazi, niliyejua kwa macho yangu ni nini kilikuwa kimekaa katika damu ya baba yangu kwa miaka yote ile, nilisimama pale kama niliyekatwa ulimi. Tulirudi kwa basi la jioni. Aliishusha mikono ya shati tukiwa Segera, na hatukulizungumza tena hadi alipokufa.

Ndiyo maana nimekasirika, Ndugu Mhariri. Kwa mujibu wa fomu ile mbu hakuwa vitani, na kwa mujibu wa makala yako mbu alikuwa vitani, ila tu akiwa ametengenezwa kwa mbao na kuendeshwa na rubani.

Wala jambo hili halikuanza Burma. Mimi naishi Muheza, na kwenye milima iliyo juu yetu ipo Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya kwinini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zao zilipozuiwa baharini, magome ya miti ile ndiyo yaliyotengenezewa vidonge vya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, hadi Waingereza walipoitwaa mwaka 1916. Upande wa pili, maelfu ya askari wa Afrika Kusini waliokuja na Jenerali Smuts walirudishwa kwao mwaka huohuo kwa homa, na pengo lao likazibwa na Waafrika. Mizigo ya vita vile ilibebwa na wapagazi, na rekodi rasmi za Waingereza zenyewe zinakiri kwamba zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, wengi mno kwa malaria, kuhara damu na nimonia. Kariakoo, ambako nusu ya wasomaji wako hununua viatu na vitambaa, imepata jina lake kutokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927, lakini jina la mpagazi hata mmoja hutalikuta pale. Ni mwaka 2021 tu ambapo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina mahali popote. Gazeti lako liliiandika habari hiyo kwa aya moja, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro.

Nililikata tangazo lile pamoja na aya ile, na bado ninavyo vyote viwili.

Na hapa naongeza lalamiko lingine lililo karibu na hilo. Gazeti lako humkumbuka mbu siku moja kwa mwaka, tarehe 25 Aprili, Siku ya Malaria Duniani, kwa picha ya kiongozi akikabidhi chandarua. Picha ni ileile, chandarua ni kilekile cha buluu, hubadilika kiongozi tu. Wanaolazwa usiku wa tarehe 26 hawana mwandishi.

Ninachoomba si kikubwa. Ipo tarehe 20 Agosti, siku ambayo mwaka 1897, huko Secunderabad, Ronald Ross, daktari aliyekuwa katika utumishi wa kijeshi wa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tarehe hiyo, mwaka huu, toa kurasa mbili zilezile ulizoipa ndege, na mahali palipokuwa na mchoro wa ndege weka mchoro wa mbu jike kwa ukubwa uleule, akiwa ameinua kiuno kama anavyofanya anapouma. Mwandishi wako aje Muheza alale siku tatu. Nitampeleka kwenye maabara atazame slaidi yenye damu ya mgonjwa, kisha nitamtembeza kwenye nyumba za watoto na wajukuu wa askari wa Keya, kwa sababu wengi wetu bado tunavyo vyeti vile vilivyokunjwa. Katika ukurasa wa pili yachapishwe majina tu: jina, kijiji, mwaka, na sababu ya kifo. Palipo na homa iandikwe “homa”, wala isiandikwe “alifariki akiwa kazini”. Na kuanzia sasa ile ndege iitwe ndege ya Mosquito, kwa jina lake la Kizungu, neno mbu aachiwe mwenyewe.

Jina la kwanza ninalo. Ni la kijana wa Korogwe aliyelala hema moja na baba yangu huko Kabaw, aliyezimika kwa homa ya ubongo Oktoba 1944, na ambaye baba alimtaja kila alipofunga kifungo cha mkono wa kushoto. Nimeliandika kwenye karatasi peke yake, pamoja na jina la kijiji chao, na Jumatatu nitalileta ofisini kwako kwa mkono wangu.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga