Tusichague pesti ya kompyuta kwa namba iliyo kwenye bomba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie uchaguzi wa pesti (uji mzito unaopakwa kati ya chipu na kipozajoto, yaani chuma kinachoondoa joto) na pedi (vipande laini vya kujaza nafasi pana zaidi) za kupitisha joto ndani ya kompyuta. Mpakato ukichemka, feni ikinguruma na mashine ikawa nzito, ushauri unaotolewa haraka ni kwamba pesti ibadilishwe na inunuliwe ile yenye namba kubwa. Kubadilisha pesti mara nyingi ni sawa. Kufuata namba ndiko kunakowapoteza watu, na wengine huishia kuwa na mashine yenye joto kuliko ilivyokuwa kabla haijafunguliwa.

Namba hiyo ni kiwango cha kupitisha joto, nacho hupimwa kwa wati kwa mita kwa kelvini. Hewa ina takriban 0.026. Pesti nyingi hutangazwa kuwa kati ya 4 na 13. Alumini hupita 200, na shaba inakaribia 400. Kwa hiyo hata pesti bora kabisa ni kizuizi ikilinganishwa na shaba ya kipozajoto. Imewekwa pale kwa kazi moja tu: kuifukuza hewa kwenye mikwaruzo na mabonde madogo yaliyo kati ya chipu na shaba. Ikizidi hapo, inazuia joto.

Tupige hesabu. Chukua prosesa ya mpakato inayotoa wati 45 kupitia chipu yenye eneo la milimita 150 za mraba. Pesti ya kiwango cha 5 ikikaa kwa unene wa maikroni 50 (maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita), tofauti ya joto kati ya upande wa chini na wa juu wa tabaka hilo ni nyuzi 3 za Selsiasi. Ukinunua ya kiwango cha 10, tofauti inashuka hadi nyuzi 1.5. Fedha yote uliyoongeza imekupa nyuzi moja na nusu. Sasa pesti hiyo hiyo ya 10 ikae kwa unene wa maikroni 200, kwa sababu skrubu zimekazwa upande mmoja kuliko mwingine au pedi ya jirani imeinua kipozajoto: tofauti inakuwa nyuzi 6, mara mbili ya ile ya pesti rahisi iliyobanwa vizuri. Na yule anayeona pesti ni uchafu, akaweka pedi ya nusu milimita yenye kiwango cha 6 juu ya prosesa, amejiongezea nyuzi 25. Prosesa nyingi za mpakato zina ukomo wa kati ya nyuzi 95 na 105. Zikiufikia hujipunguzia kasi zenyewe, na mwenye mashine huanza kulaumu programu.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza liwe ni nafasi gani inayojazwa. Pale ambapo chipu na shaba zinagusana, weka pesti. Pale ambapo kiwanda kimeacha nafasi ya milimita nzima au nusu yake, kama juu ya chipu za kumbukumbu za kadi ya michoro na vipande vya kudhibiti umeme, weka pedi. Pesti haiwezi kujaza nafasi ya milimita moja. Itakauka na kupasuka, au itateleza na kuacha hewa.

Kwa kompyuta ya mezani, prosesa ina kifuniko cha chuma kinachotandaza joto kwenye eneo kubwa, hivyo karibu pesti yoyote ya kampuni inayoaminika itatosha. Mpakato ni habari nyingine. Chipu iko wazi, ni ndogo, na inapanda kutoka nyuzi 45 hadi 95 kwa sekunde chache, kisha inashuka, mara nyingi kwa siku. Chipu na shaba hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na mchezo huo huisukuma pesti laini kutoka katikati kwenda pembeni. Utaijua kwa dalili zake: baada ya kubadilisha, joto linashuka vizuri, wiki au miezi kadhaa baadaye linarudi pale pale, na koa (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake) moja au mbili zinakuwa na joto kuliko nyingine. Ukifungua, katikati ya chipu unakuta utando mwembamba na pembeni pesti imerundikana. Kwa sababu hiyo, kwenye mpakato chagua pesti nzito, inayopakika kwa shida kidogo, hata kama namba yake ni ndogo kuliko ya ile laini.

Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni karatasi za kubadili hali. Inayojulikana sana ni PTM7950 ya Honeywell. Kwenye joto la kawaida ni ngumu kama nta, ikifika karibu nyuzi 45 inalainika, na shinikizo la skrubu linaibana hadi inakuwa nyembamba sana. Haisukumwi nje kirahisi kama pesti laini. Iweke ndani ya friji dakika chache kabla ya kubandua, la sivyo itaondoka na filamu yake, yaani utando wa plastiki unaoikinga. Ina filamu pande zote mbili, na zote mbili lazima zitoke. Ikate itoshe chipu yote, izidi kidogo sana pembeni. Usiihukumu kwa dakika za kwanza, kwani huhitaji kupashwa na kupoa mara kadhaa ndipo ikae sawasawa.

Metali kimiminika yenye galiamu inapitisha joto kuliko pesti yoyote, lakini kwa mashine ambayo haikutoka nayo kiwandani naishauri iachwe. Inapitisha umeme, kwa hiyo tone moja likiangukia vijisehemu vilivyo kando ya chipu linaweza kuua ubao mama. Galiamu pia huila alumini mpaka ikawa kama chaki, na huzama ndani ya shaba isiyopakwa nikeli, hivyo baada ya muda panabaki pakavu.

Pedi zina shida yake, nayo ni unene. Huuzwa za milimita 0.5, 1, 1.5, 2 na 3. Ikiwa nyembamba mno, chipu ya kumbukumbu haigusi kitu. Ikiwa nene mno au ngumu mno, inainua kipozajoto na prosesa inabaki na pengo. Hapo ndipo watu hubadilisha pedi za kumbukumbu, kisha wakashangaa prosesa inachemka. Usipime pedi ya zamani mahali ilipobanwa, kwa maana pamekwisha kusinyaa. Pima ukingo usioguswa, au tafuta mwongozo wa matengenezo wa mashine hiyo. Pedi iliyo sawa hubanwa kama sehemu moja ya kumi hadi tatu ya kumi ya unene wake. Kwa uchaguzi wa pedi, ulaini una uzito kuliko namba ya kupitisha joto, na pedi za namba kubwa mara nyingi ndizo ngumu. Chipu ya kumbukumbu inayotoa wati 2, yenye upana wa milimita 12 kwa 14, ikiwekewa pedi ya milimita 1 yenye kiwango cha 3, huongezewa nyuzi 4 tu. Ukinunua ya 12 utaokoa nyuzi 3 mahali ambapo huenda hazihitajiki. Usirundike pedi mbili ili kufikia unene, maana kila mpaka kati yake ni kizuizi kipya. Ikiwa unene haujulikani kabisa, kuna udongo laini wa kupitisha joto ambao hujaza nafasi yoyote na hauinui kipozajoto.

Namna ya kuhakikisha ni kufunga kila kitu kwa skrubu zote, kufungua tena na kutazama alama. Pesti inapaswa kuwa imeenea nyembamba kwenye chipu yote, na kila pedi iwe na chapa ya kipande chake. Jaribio hilo watu hulikwepa kwa sababu pesti ile lazima ifutwe na kupakwa upya. Pesti ya ziada ni hasara ndogo kuliko ubao mama.

Kuhusu kazi yenyewe: chomoa chaji, zima, chomoa waya wa betri ndani. Pasha mashine kidogo kabla ya kuzima ili pesti ya zamani ilainike. Legeza skrubu kwa kurudi nyuma katika namba zilizochapwa kando yake, kila moja mizunguko michache. Kipozajoto kikigoma, kizungushe taratibu kushoto na kulia; usikibanjue na bisibisi, kwa sababu kona ya chipu iliyo wazi humeguka. Futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kwenye chipu iliyo wazi, tandaza pesti ifunike eneo lote, kwani kona iliyobaki kavu hupata joto peke yake. Kwenye kifuniko cha prosesa ya mezani tone la milimita 4 au 5 katikati linatosha, na wenye kifuniko kikubwa waongeze matone madogo kwenye kona. Kaza kwa namba, kidogo kidogo, usimalize skrubu moja kabla ya nyingine. Dawa ya meno isitumike badala ya pesti: maji yake hukauka, ukabaki unga.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kosa ni la pesti. Ipe mashine kazi nzito na uweke mkono kwenye tundu la hewa. Joto la prosesa likiruka hadi ukomoni ndani ya sekunde chache huku hewa inayotoka ni ya uvuguvugu tu, joto haliingii kwenye shaba: pesti au mgandamizo ndio tatizo. Hewa ikiwa dhaifu, au inatoka kidogo na ya moto sana, tazama feni na blanketi la vumbi lililojikusanya kati ya feni na mapezi ya kipozajoto. Ukipuliza, shikilia feni isizunguke. Baada ya kufunga, endesha kazi nzito dakika 20 na ulinganishe koa. Zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi, huenda mgandamizo hauko sawa upande mmoja, na kubadilisha aina ya pesti hakutasaidia kitu mpaka skrubu na pedi zikaguliwe upya.

Fundi wa kompyuta,
msomaji wa gazeti hili