Barua kwa Kulwa kabla ya kuzunguka ziwa

Nansio, Ukerewe

Mwanangu Kulwa,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Ratiba ya safari yako na wenzako ya kuzunguka Ziwa Victoria kwa baiskeli, ile uliyomtumia Doto, nimeisoma yote, kuanzia Magu mpaka mtakapovuka daraja la Kigongo–Busisi mkirudi. Ungeniletea mimi mwenyewe ningefurahi zaidi. Baiskeli hainitishi kama mlivyodhani. Kinachoninyima usingizi ni mstari mmoja wa Kisumu: kung'oa magugumaji, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Nani kapanga saa hizo?

Hizo ndizo saa za kichocho. Konokono wa kwenye magugu ya ufukweni huachia vijidudu jua likishapanda, na mchana ndipo vinapojaa majini. Havisubiri uwe na kidonda wala unywe maji. Vinapenya hata ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache, na kujifuta taulo ukishatoka si kinga ya kutegemea. Nakujua wewe: ukiona wenzako wamezama hadi kiunoni, utakunja suruali uwafuate.

Huku kwetu wengi wanajua kichocho cha kukojoa damu tu. Hicho ni cha madimbwi na majaruba ya bara. Cha ziwani kinakaa kwenye mishipa ya utumbo: tumbo linasokota, choo kikubwa kinatoka na damu, na kikiachwa miaka, ini linaharibika. Mkojo ukiwa safi usijione umepona.

Tena usimeze prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku hiyohiyo ukidhani umejikinga. Inaua minyoo iliyokomaa, na kukomaa kunachukua kama wiki sita hadi nane. Kwa hiyo utameza ukisharudi na wiki hizo zikishapita tangu uguse maji mara ya mwisho, umeshiba, kwa uzito wako: miligramu 40 kwa kila kilo. Ukiwa na kilo 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600. Pima uzito kwanza, maana baiskeli itakukondesha. Na ikija homa yenye kikohozi na vipele vya kuwasha wiki chache baada ya kugusa maji, kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, mwambie daktari kwamba uliingia ziwani. Usipomwambia atahangaika na homa nyingine.

Sikukatazi kwenda. Kazi yenyewe naiheshimu, na bibi yako anawatangazia hadi wauza samaki kwamba mjukuu wake anazunguka nchi tatu kwa ajili ya ziwa. Ila fanyeni kazi kwa akili. Wenyeji wenye mitumbwi wayavute magugu kwa reki na kamba hadi nchi kavu, nyinyi mpokee na kubeba mkiwa na buti na glavu. Msiyakatekate majini, maana kipande kinachobaki kinachipua mmea mwingine. Rundo likae mbali, mahali ambapo mvua au mawimbi hayatalirudisha, likauke kabisa. Mbegu zake hulala kwenye matope miaka mingi, kwa hiyo kabla ya kupiga picha waulizeni BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe wa mwalo ule, nani atakuja mwezi ujao. Kama hakuna, hiyo siku mngenunua reki mkawaachia.

Zile siku nne za kufundisha shule ya msingi sizipendi. Watoto wana mwalimu wao, na mkiondoka atarudia alipokatishwa.

Pasipoti ubebe, usitegemee kitambulisho cha NIDA. Chanjo ya homa ya manjano uchome sasa, kwa sababu kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, nanyi mnaondoka mwisho wa mwezi. Halafu muhuri wa matembezi si ruhusa ya kazi, na kazi isiyo na mshahara inaweza kuhesabiwa kazi vilevile. Wenyeji wenu wa Kisumu na Jinja waulize uhamiaji mapema, wawape jibu kwa maandishi.

Kuhusu bomba la mafuta, nimeona mmeandika "Kampala, maandamano". Kulwa, vijana wamekamatwa Kampala kwa kuandamana kulipinga. Mwenyeji akikamatwa ana ndugu wa kumdhamini. Wewe mgeni utafukuzwa nchini, baiskeli ibaki kituoni. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani kule Tanga, na sehemu kubwa iko Tanzania, linapita Kagera na Geita. Mtapita huko mkirudi. Kaeni na wenye mashamba, waulizeni fidia walilipwa lini na kwa kipimo gani, andikeni. Hiyo nayo ni harakati, na ni ya nyumbani kwenu.

Jinja mmeandika kuogelea. Futa. Hata maji ya kuoga, kama yamechotwa ziwani, yachemshwe au yalale kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili ndipo muoge. Ya kunywa ni habari nyingine: yachujwe kwa kitambaa, kisha kidonge cha klorini kama karatasi yake inavyosema, na msubiri ile nusu saa hata kama koo limekauka. Njiani kati ya Lamadi na Bunda msipige kambi ufukweni, viboko hutoka usiku kula majani.

Baba yako yale maneno ya Jumapili asingeyasema kama asingekuwa na wasiwasi. Mimi nilikuwepo na nikanyamaza. Mpigie.

Dagaa safari hii hawajakauka vizuri, mvua haitupi nafasi, kwa hiyo nimekufungia kilo mbili tu na karanga. Waanike tena ukifika nao chumbani, wasije wakaoza mfukoni. Mzigo utaupokea bandarini, uko pamoja na buti za mpira, zile ndefu za mjomba wako. Ni kubwa kidogo, vaa soksi mbili. Bati la jikoni limeng'oka upande wa mwembe, Doto anasema ataligongea akipata misumari. Mletee nusu kilo ya inchi tatu ukija kumuaga bibi, kabla hujaondoka, si baada.

Mama yako