Kumbukumbu ya Luteni Usu Walter Tull: tafadhali thibitisheni

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Tarehe 25 Machi tutakwenda Northampton kumkumbuka Walter Tull, mchezaji wa soka wa zamani wa Tottenham na Northampton Town, ambaye mwaka 1917 alipewa cheo cha Luteni Usu ilhali kanuni za jeshi la Uingereza ziliwazuia watu weusi kuwa maofisa, na akauawa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia tarehe kama hiyo mwaka 1918. Askari wake walijaribu kuurudisha mwili wake wakashindwa. Hana kaburi linalojulikana, ila jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu ya askari huko Arras, Ufaransa.

1. Tukutane kituo cha reli cha Northampton saa 4:30 asubuhi, tupande basi hadi uwanja wa Sixfields, penye mnara wa kumbukumbu ya Tull.
2. Mchango wa shada la maua ni pauni 6, upokelewe na mtunza hazina kabla ya Ijumaa jioni. Nauli kila mtu ajilipie.
3. Anahitajika msomaji wa wasifu, kwa dakika tano tu (si hotuba, jamani).

Watoto wanakaribishwa. Naomba kila mmoja athibitishe hapa, pamoja na idadi ya anaokuja nao, kabla ya Jumatano usiku.