Barua kwa mdogo wangu wa Ujiji: taa ya breki inayojiwakia yenyewe

Mdogo wangu,

Umeniambia taa ya breki ya nyuma ya pikipiki yako inawaka hujakanyaga kitu, ukifika mtaa wa Mwanga imezima, na fundi akiigusa pikipiki haoni kosa. Balbu umeshabadilisha mara mbili. Usinunue ya tatu. Balbu mbovu kwa kawaida haijiwashi. Taa ikijiwakia hivyo, tafuta kosa kwenye swichi au waya, au ujue kwamba breki yenyewe haiachii. Hili la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi, maana miteremko ya kushuka stesheni ya reli unaijua. Tuanze nalo.

Ukishatembea kilomita chache bila kufunga breki sana, simama na usogeze kiganja karibu na habu la nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, usiliguse. Likikupulizia joto, breki inaburuza. Weka stendi ya kati, gia iwe nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono: linatakiwa kwenda mizunguko kadhaa, si kusimama papo hapo. Kwenye pikipiki ya zamani sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, pini ya pedali imekauka kwa matope na kutu, hivyo ukiachia mguu pedali hairudi yote na swichi inabaki imevutwa. Ifungue, safisha kwa msasa laini, paka grisi. Ya pili, nati ya fito ya breki, kile chuma kinachounganisha pedali na habu, imekazwa kupita kiasi. Ncha ya pedali inatakiwa ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika, yaani karibu upana wa kidole gumba. Hapo hapo kanyaga mpaka mwisho, uangalie kamshale kadogo kwenye mkono wa breki ubavuni mwa habu. Kakifika kwenye alama, breki shu zimekwisha, na kukaza nati hakutazirudisha.

Gurudumu likizunguka vizuri, nenda kwenye swichi. Zipo mbili, moja kwenye mkono wa breki ya mbele, nyingine karibu na pedali, na kila moja inaweza kuwasha taa peke yake. Wengi wanasahau ile ya mbele. Washa swichi ya funguo taa ikiwa inasumbua, kisha chomoa nyaya za swichi ya mbele. Taa ikizima, umempata. Ikiendelea, chomoa na za nyuma. Zote zikiwa nje na taa bado inawaka, swichi hazina kosa: waya wenye umeme umechubuka mahali na kugusana na waya unaokwenda kwenye taa.

Swichi ya nyuma huvutwa na springi iliyofungwa kwenye pedali, na hapa kuna jambo ambalo fundi akiwa na pikipiki tupu hataliona. Madumu mawili ya mawese ya lita 20 yanakaribia kilo 36, ukiongeza na abiria, shoksi zinalala. Mkono wa gurudumu ukipanda, fito ya breki inaweza kuisogeza pedali kidogo, na springi iliyokaza inawasha taa. Ukishusha mzigo, inazima. Kwa hiyo rekebisha swichi watu wawili wakiwa wamekaa juu. Shika mwili wa swichi usizunguke, zungusha nati peke yake. Ukiuzungusha mwili unazinyonga nyaya mpaka zikatike ndani. Kuishusha swichi kunachelewesha taa, kuipandisha kunaiwahisha. Taa iwake breki inapokaribia kushika. Na mawese yakimwagikia hapo, futa siku hiyo hiyo, yakichanganyika na vumbi yanaganda na springi hairudi.

Kama swichi ziko sawa, fuata nyaya sehemu tatu: shingoni chini ya tangi, chini ya siti, na ndani ya madigadi ya nyuma. Washa, kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, mtu akiangalia taa. Ikicheza, mchubuko uko shingoni. Kwenye Honda waya wa taa ya breki ni kijani wenye mstari wa njano, na kijani kitupu ni erthi, yaani waya wa kurudisha umeme. Kwenye Yamaha wa breki ni njano, erthi ni nyeusi. Lakini pikipiki ya umri huo imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, hakikisha kwa testa, kile kipimia umeme.

Usiku jaribu hili pia: washa taa ndogo, kanyaga breki. Mwanga wa nyuma ukififia badala ya kuongezeka, erthi ni mbovu, haiwezi kurudisha vizuri umeme wa taa ndogo na wa breki kwa pamoja. Kwangua kutu na rangi pale erthi inapofungwa kwenye chesisi, kaza, paka vaselini juu. Safisha na vidoto vya chini ya holda, vinavyogusa kitako cha balbu na hulegea kwa mtikisiko.

Fyuzi ikiungua, huenda waya wa breki umegusa chesisi. Usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kipande cha waya, kwa sababu kitakachoungua baadaye ni nyaya zote chini ya tangi.

Ukija dukani, njoo na balbu ya zamani mkononi. Nyingi ni volti 12, wati 21/5, zenye vipini viwili vya ubavuni visivyokaa usawa mmoja ili isiingie kinyume. Ukilazimishwa kuigandamiza, umepewa siyo. Za zamani sana ni volti 6, soma maandishi kwenye kitako chake kabla hujatoa hela.

Kaka yako