Wanaojitolea warudi na spana

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha picha kubwa ya wanachuo waliovaa fulana za rangi moja, wamezunguka viti 6 vipya vya magurudumu vilivyofungwa utepe. Furaha ya vijana wale ilikuwa ya kweli na sina sababu ya kuikejeli. Lakini jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu madogo ya mbele. Yalikuwa ya plastiki ngumu, membamba kama kifuniko cha chupa. Nikasema peke yangu: haya hayamalizi miezi mitatu.

Nina miaka 19 kwenye kiti cha magurudumu, na kazi yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo kinachobana na kinachopwaya nakijua. Kiti changu cha kwanza cha msaada kililetwa na wanachuo. Walikuja asubuhi, wakaimba, wakanikalisha, wakapiga picha, jioni wakapanda basi lao. Kiti kilinizidi upana kwa kiganja kizima kila upande. Anayedhani upana huo ni starehe hajasukuma magurudumu kutwa huku viwiko vimetanuka kama mbawa za kuku aliyeshikwa na joto. Mto nao ulikuwa kipande cha sponji ya kawaida. Mwaka haujaisha nikapata kidonda cha kukaa, nikalala kifudifudi wiki 11. Namba ya kiongozi wa kikundi nilikuwa nayo, nikampigia. Alipokea kwa adabu sana. Akaniambia amekwisha hitimu na hajui daftari lilibaki kwa nani.

Simlaumu kijana yule hata leo. Mwanachuo ni mpita njia: leo yupo, kesho ana mtihani, keshokutwa amevaa joho anatafuta kazi. Waliokosea ni wakubwa waliomwachia peke yake jambo litakalodai matunzo miaka mingi baada ya yeye kuondoka.

Kikundi cha pili kilikuja na tepu ya kupimia. Binti mmoja anayesomea uhandisi aliniamkia, kisha akaomba ruhusa kabla ya kugusa kiti changu. (Wengi hawaombi. Hukishika na kukisogeza kama toroli, na mimi nikiwa ndani.) Akanipima nyonga, akapima paja, akapima kutoka goti hadi kisigino. Halafu akauliza: "Mama, mlango wa choo chako una upana gani?" Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Wageni wangapi wamekuja kunisaidia miaka yote ile, na hapana hata mmoja aliyewahi kuuliza habari za mlango ninaokwama kila siku!

Maswali yale hakuyabuni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za viti hivi mwaka 2008, likataja hatua 8, kuanzia mtu kupewa rufaa na kufanyiwa tathmini hadi kufundishwa kukitumia kiti, na mwisho kabisa ufuatiliaji na matengenezo. Picha yenu, Mhariri, ilikuwa ya hatua moja kati ya 8.

Sasa nije kwenye jambo lililoniudhi mwanzoni. Wanachuo hawa walitaka nilipe. Walikuwa wamefungua karakana ndogo ya kukarabati viti, na ukutani wamebandika orodha ya malipo: beringi kiasi hiki, tyubu kiasi hiki, kunyoosha fremu kiasi hiki. Nikawauliza, kujitolea gani huku kunakotoa risiti? Binti akavuta kigoda, akanieleza taratibu. Wao wenyewe hawalipwi. Anayelipwa ni fundi mmoja, aliyekuwa akitengeneza baiskeli kabla ya hapo, kwa sababu yeye hana likizo ya muhula wala mitihani, na ufunguo wa karakana unakaa kwake. Mwenye uwezo analipa. Kliniki na shule zenye viti vingi zinalipa kwa mkataba. Kinachobaki kinawatengenezea wasio na kitu. Hiyo ndiyo biashara ya kijamii, akasema, na hesabu yake tunaibandika hapo ubaoni kila mwisho wa mwezi.

Nililipa huku nimenuna. Baada ya wiki mbili gurudumu la kushoto likaanza kulia kama panya. Nikarudi nikafoka, nikagonga meza kabisa, na nilipokuwa nafoka nikajishangaa. Kile kiti cha bure kilinitoboa mwili na sikuthubutu kusema neno, nisije nikaonekana sina shukrani. Hiki nilichokilipia nilikisemea hadharani mbele ya watu. Walikifungua palepale, wakabadilisha beringi, wakaandika kosa kwenye daftari. Nimeliona kwa macho yangu, lina tarehe na jina la aliyeifunga vibaya.

Siku hiyohiyo nikawakosoa mito. Mshono wa foronya waliupitisha katikati, pale hasa mfupa wa kukalia unapotua. Mtu mwenye hisia angeuhisi na kujisogeza, ila sisi wengine hatuhisi, na mshono unakula nyama kimyakimya. Nikawaambia mshono uende pembeni, zipu ikae nyuma, kitambaa kiwe cha kuvutika. Wakaniomba niwashonee mfano. Tangu hapo foronya za karakana ile nashona mimi, kwa malipo ya kila moja, na nina wanagenzi wawili. Mmoja kati yao naye yuko kwenye kiti.

Binti yule ndiye aliyenisimulia habari za Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2005 alikwenda Tanzania kuchunguza hali ya viti vya magurudumu, na baadaye yeye na wenzake wakabuni kiti kinachoendeshwa kwa mikono miwili mirefu ya chuma. Ukiishika juu unapata nguvu za kupanda kilima, ukiishika chini unapata kasi. Minyororo na vipuri vyake ni vya baiskeli, ili fundi baiskeli yeyote aweze kukitengeneza. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki watumiaji hawakuwaficha: kizito, na ndani ya nyumba hakipenyi. Wakaenda kukipunguza uzito na upana kabla ya jaribio lililofuata, Guatemala. Nilimwambia binti, hao walipata bahati ya watu wakweli.

Hata Muhammad Yunus, mwanauchumi aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2006 pamoja na Benki ya Grameen aliyoianzisha kuwakopesha maskini, alianza kwa kuwatembeza wanafunzi wake wa uchumi katika kijiji cha Jobra, jirani na chuo alichofundisha, Bangladesh. Mwaka 1976 mwanafunzi mmoja alimsaidia kuandika orodha ya wanakijiji waliobanwa na madeni ya wachuuzi. Walikuwa 42, na deni lao wote kwa pamoja lilikuwa dola 27. Yunus akawakopesha fedha hizo kutoka mfukoni mwake. Watu husifu ule mkopo. Mimi, niliyepotezewa daftari, nasifu orodha.

Si kwamba karakana yetu haina kasoro. Mwaka mmoja mweka hazina alinunua fulana kwa fedha za vipuri, tukagombana wiki nzima. Mwaka mwingine walivutwa na shindano la ubunifu, wakataka kuacha spana watengeneze programu ya simu ya "kuunganisha wenye viti na mafundi". Fundi yupo mmoja na sote tuna namba yake! Tuliwazuia.

Kwa vyuo nina ombi dogo. Kikundi cha wanaojitolea kisisajiliwe kabla hakijamtaja mtu asiye mwanafunzi atakayekaa na ufunguo na daftari wakati wa likizo. Na cheti cha kujitolea kitolewe baada ya kiongozi kumkabidhi kazi mrithi wake, mbele ya wateja.

Kwenu pia, Mhariri. Kila tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, mtapata picha nyingi za utepe. Karakana yetu inafanya makabidhiano mwisho wa kila mwaka wa masomo. Wanaohitimu wanahesabu beringi na tyubu mbele yetu, wanaoingia wanasaini, nasi wenye viti tunaruhusiwa kuwauliza lolote. Mpiga picha wenu akija aje mapema, kwa sababu kuhesabu kunachukua saa nne na hakuna anayetabasamu. Na viti vile 6 vya kwenye picha, kama kuna anayejua vilipo, avilete tuyaangalie yale magurudumu ya mbele.

Fundi cherehani
(Jina na anwani vimehifadhiwa)