Majivu yakifunga anga, kibarua wa maua naye ahesabiwe

Kwa Mhariri,

Kila volkano ikilipuka mahali na ndege zikasimamishwa, habari tunazoletewa ni zile zile, abiria wamelala chini kwa erpoti, mashirika ya ndege yanataja hasara, mtaalamu anaonyesha ramani ya wingu la majivu. Sikatai, hao wote wamepata shida kweli. Lakini mimi nimefanya kazi ya maua hapa Naivasha miaka mingi na naomba nafasi kwa gazeti lako niongee juu ya mtu mwenye hapigwi picha, yule kibarua anayekata waridi asubuhi akitegemea ndege ya usiku.

Nianze na 2010 manake hiyo ndo ilitupiga. Tarehe 14 Aprili volkano ya Eyjafjallajökull kule Aislandi ililipuka chini ya barafu, barafu ikayeyuka, yale maji yakakutana na mawe ya moto na mawe yakapasuka yakawa unga mwembamba sana, halafu upepo ukaubeba ule unga ukaupeleka Ulaya moja kwa moja. Kesho yake Uingereza ikafunga anga, nchi zingine zikafuata, na kwa karibu wiki nzima safari za ndege kama laki moja zikafutwa na abiria kama milioni 10 wakakwama. Hiyo ndo hesabu inayokumbukwa mpaka leo.

Sasa njoo upande wetu. Waridi likishakatwa linatiwa kwa ndoo ya maji, linapelekwa pakihausi, linagrediwa kwa urefu wa shina na ukubwa wa kichwa, linafungwa bunchi, linaingia koldrumu, yaani chumba cha baridi, alafu lori la baridi linapanda nalo mpaka Nairobi na usiku linaruka, kesho kutwa liko mnadani Uholanzi ama kwa supamaketi ya London. Hakuna mahali hapo katikati ua linaweza kungoja. Ndege zilivyosimama koldrumu zikajaa haraka, ndoo zikaanza kupangwa nje kwa korido, na huku kwa grinihausi maua hayajui kama anga imefungwa, jua la Naivasha linafungua vichwa, na waridi likifunguka kwa mti hakuna mnunuzi analitaka, kwa hivyo lazima ukate hata kama unakata ya kutupa. Magazeti ya wakati huo yaliandika maua mamilioni yametupwa na vibarua kama 5,000 wamerudishwa nyumbani siku za kwanza kwanza tu. Wakulima wa mishiri, yale maharagwe mabichi, nao waliumia vibaya, mboga ilioza kwa maboksi.

Mimi nitasema nilichoona. Nyuma ya pakihausi waridi nyekundu zilikuwa zinamwagwa na wilbaro kwa shimo la mboji, bado zimefungwa bunchi, bado ziko ndani ya zile karatasi zake za plastiki, na juu ya karatasi stika ya bei ishabandikwa kwa pauni za Uingereza. Wenye walikuwa wanasukuma wilbaro ni wale wale waliozigredi. Alafu supavaiza akaja akasema walio na kandarasi wabaki, vibarua waende nyumbani wangoje kuitwa, na hakuna aliyeongea kuhusu pesa ya hizo siku. Ukiishi mtaa wa Karagita hapa Naivasha unajua hiyo inamaanisha nini, kodi ya nyumba haijui volkano, duka la kukopa nalo likishasikia maua yanatupwa linafunga daftari siku hiyo hiyo manake mwenye duka pia anategemea mshahara wetu.

Wakati ule nilisikia watu wengi wakisema wazungu wameogopa moshi, ati ndege ziruke tu. Hapo mimi siwezi kukubali na nataka niseme wazi. Majivu ya volkano si majivu ya jiko. Ukitembea mbuga ya Hell's Gate hapa juu yetu utaokota vile vipande vyeusi vinavyong'aa, vinakata kidole, ni glasi iliyotoka kwa volkano. Majivu yanayopaa angani yamejaa glasi ya aina hiyo, imesagika mpaka huioni kwa macho, na rada ya hali ya hewa ya ndege pia haiioni. Ikiingia kwa injini ya jeti yenye ndani ina joto la zaidi ya digrii 1,400 inayeyuka, inaenda kugandia kwa mapanga ya tabo yanayozunguka ndani ya injini, hewa inakosa kupita na injini inazima. Juni 1982 ndege ya British Airways ilipita kwa majivu ya mlima Galunggung kule Indonesia usiku, injini zote nne zikazima na watu zaidi ya 250 wako ndani, ikateremka bila injini dakika nyingi mpaka ilipotoka kwa wingu ndo injini zikawaka tena, na wakati wa kutua Jakarta rubani alikuwa haoni vizuri mbele kwa vile kioo kilikuwa kimekwaruzwa chote. Desemba 1989 ikatokea tena kule Alaska na ndege ya KLM ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka, injini nne, mlima Redoubt. Wote waliokoka. Kwa hivyo anga ikifungwa ifungwe, maisha ya watu hayawezi kuwekwa kwa mizani na bunchi la maua na hakuna mfanyakazi Naivasha nimewahi kusikia akitaka hivo akishaelezwa.

Shida yangu ni nani analipia huo usalama.

Angalia abiria. Ulaya wana sheria, kanuni nambari 261 ya mwaka 2004, inasema safari ikifutwa shirika la ndege lazima likupe chakula na mahali pa kulala mpaka usafiri, hata kama sababu ni volkano. Kuna shirika lilienda kortini likisema ile ya 2010 ilikuwa kubwa kupita kiasi, na Januari 2013 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana, jukumu la kumtunza abiria halina kikomo cha siku wala cha pesa. Nilivyosoma hiyo hukumu nilifurahi kwa niaba ya hao abiria, ni haki yao. Lakini tukio ni lile lile moja, majivu ni yale yale, na mtu aliyekata ua lenye lingepanda hiyo ndege hakupata hata nauli ya kurudi kwake Kisii ama Busia angoje huko mambo yatulie. Mwenye shamba alikuwa na hasara yake na namuelewa, lakini mwenye shamba ana benki ya kuongea nayo.

Na msiseme ni mambo ya zamani. Novemba 2025 volkano ya Hayli Gubbi kule Afar Ethiopia, yenye ilikuwa imelala miaka maelfu, ililipuka na majivu yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman yakafika mpaka India, ndege zikafutwa huko. Ethiopia ni jirani. Hili bonde la ufa ni moja, linatoka Afar linapita hapa hapa, mashamba yetu ya maua yako chini ya Longonot ambayo yenyewe ni volkano, Suswa iko pale, Menengai iko juu ya mji wa Nakuru, na Ol Doinyo Lengai upande wa Tanzania ilitema majivu 2007 na 2008. Goma kule Kongo wao walijionea Januari 2002, uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo uliingia mjini ukafunika sehemu ya ranwei. Sisemi Longonot inalipuka kesho, nasema siku moja upepo unaweza kuleta majivu kwa anga ya JKIA yenyewe, uwanja wetu wa ndege Nairobi, na hapo si wiki moja ya Ulaya tena.

Kuna wenye wanajibu ati tutapeleka maua kwa meli. Ni vizuri, kontena za baridi zinatoka Mombasa na zinapunguza gharama, naunga mkono. Lakini meli inachukua karibu mwezi na tuliona tangu mwisho wa 2023 vile mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalifanya meli zizunguke kusini mwa Afrika, na pia si kila aina ya ua inavumilia hiyo safari. Kwa hivyo ndege itabaki na majivu yatabaki.

Kile naomba si kikubwa. Chama chetu cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kikikaa tena na chama cha waajiri kwa meza ya makubaliano ya mishahara, kiweke kipengele kimoja kinachosema anga ikifungwa mfanyakazi wa msimu na wa siku alipwe angalau nusu ya siku yake kwa muda fulani. Pesa itoke kwa mfuko, na mfuko uwekwe senti kidogo kwa kila shina linalouzwa, na zile supamaketi za Ulaya zichangie manake ndo zinauza bunchi kwa bei ambayo kibarua akiisoma kwa stika anashangaa. Pia sheria ya ajira ya 2007 kifungu cha 37 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi anastahili kuhesabiwa kama mwajiriwa wa kawaida, lakini kuna watu wamekaa kwa grinihausi misimu na misimu bado wanaitwa vibarua, na hao ndo wanatolewa getini kwanza siku ya majivu. Afisa wa leba wa kaunti aje aangalie hizo rejista.

Na jambo lingine. Duniani kuna vituo tisa vinavyotoa tahadhari ya majivu kwa ndege, sisi karibu Afrika nzima tuko chini ya kile cha Toulouse Ufaransa, na tahadhari zake zinafika kwa watu wa ndege mapema. Mashamba yanapata habari kutoka kwa wasafirishaji wao. Basi mfanyakazi naye aambiwe jioni kabla hajalipa matatu ya asubuhi, asije akaambiwa getini.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa pakihausi,
Naivasha